Mikoko inakauka Tudor, tunakosea wapi?

Mwanamtaa: Wadau, mbegu za mkoko tulizopanda kando ya mkondo wa Tudor, Mombasa, nusu zimekufa. Sababu?

KitaluPwani: Mmepanda chini mno. Mche ukizama kutwa, makombe (viumbe wadogo wa baharini wenye gamba gumu) huganda kwenye shina, ukalemewa, ukalala. Fuateni usawa wa mikoko iliyoota yenyewe. Juu, karibu na nchi kavu, wekeni mkandaa, aina nyingine ya mkoko.

Bi Mkandaa: Na mbegu changa huoza! Iliyokomaa ina shingo ya manjano, hudondoka ukiigusa tu. Chomekeni theluthi moja matopeni, ncha kali chini, nafasi mita 1.

KitaluPwani: Kaa wakizila, zianikeni kivulini siku chache kwanza. Zoeni plastiki kila baada ya bamvua (maji makuu ya bahari). Mfuko mmoja ukinasa huvunja mche.

Mwanamtaa: Asanteni. Tunahamia juu.