Mwembe umeanguka, kuni tugawane

Kikundi: Watu wa Bibi (Wete na Unguja)

Nassor: Assalaam aleikum jamaa. Upepo wa jana umeuangusha ule mwembe wa nyuma ya banda la ng'ombe. Haukumpata mtu wala mnyama. Kuni tumepata bure, kesho naanza kuzitia jikoni kwa Bibi.

Shangazi Asha: Waaleikum salaam. Alhamdulillahi kwa salama. Ila kesho usitie kitu jikoni mwanangu. Mwembe wa jana huo ni maji matupu.

Nassor: Shangazi, moto ukishakolea unazikausha wenyewe.

Ami Khamis: Unazikausha kwa hasara ya nani? Mti mbichi, nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Moto lazima uyachemshe hayo kwanza yatoke, ndipo ukumbuke chungu chako. Utachoma matita mawili kwa wali wa tita moja.

Rukia: Na lile ni jiko la dohani, si mafiga. Kuni mbichi zinatoa moshi mzito, ukifika juu kwenye bomba unapoa na kuganda ukawa lami nyeusi. Siku ukiwasha moto mkali, hiyo lami inawaka ndani ya bomba. Na paa la jiko la Bibi ni makuti, mnalijua.

Mwanaisha: Niko na Bibi hapa, nimemsomea. Anasema: "Mwambieni Nassor macho yangu hayajawa ya kuchezewa."

Nassor: 😂 Shikamoo Bibi. Basi nimeacha. Sasa nifanyeje na mti wote huu?

Mwanaisha: Marahaba, anasema.

Ami Khamis: Usiuache ulale mzima. Gogo likikaa na magome yake maji hayana pa kutokea, unyevu hutoka zaidi kwenye ncha na pale palipopasuliwa. Katakata kwa urefu unaoingia mlango wa jiko, pungufu kidogo. Kisha pasua sasa hivi ungali mbichi. Vipande visizidi unene wa mkono wako. Penye mafundo usishindane napo, weka pembeni.

Shangazi Asha: Na avae shati la mikono mirefu. Utomvu wa mwembe unawasha ngozi. Ndugu yake mkorosho ndiye mbaya zaidi.

Saidi: Yakhe kwa nini mjitese? Huku kwetu pwani kuna jamaa anauza mkandaa umekauka vizuri, bei ya kawaida. Mkandaa ukiwaka unajua umewaka.

Rukia: Tunajua unawaka, mti mzito ule. Kibali anacho?

Saidi: Hilo sikumuuliza.

Rukia: Basi usinunue. Mkandaa nao ni mkoko. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, na wewe unaishi kwa kuvua kwa dema. Samaki wadogo na kaa wanakulia kwenye mizizi ile ile anayoikata.

Ami Khamis: Na mikarafuu pia, kabla hajatokea wa kuileta. Hata ukiuona umekauka shambani, kwanza mwone sheha, kiongozi wa mtaa. Sheria ya karafuu haina mzaha.

Saidi: Haya nimesikia. Zipo mbao za mashua kuukuu, hizo hazina mwenyewe.

Rukia: Saidi!! Mbao zilizokaa baharini zimeshiba chumvi. Ukizichoma chumvi inakula bati la jiko, na moshi wake una sumu. Halafu rangi za siku hizi za chini ya mashua hutiwa shaba ya kuzuia chaza. Hizo si za kupikia chakula.

Saidi: Leo kila nikisema nimekosea 😅 nakwenda zangu kuvua.

Shangazi Asha: Ukipata pweza nikumbuke.

Nassor: Ami, nikishapasua niweke wapi? Stoo ipo tupu.

Ami Khamis: Stoo hapana kabisa. Kuni mbichi ukizifungia ndani zinaota ukungu. Jenga uchaga nje, upande unaopigwa na upepo. Chini weka matofali au mawe, kuni ziwe juu shubiri moja kutoka ardhini, kule kwenu mchwa wanasubiri tu. Panga zisibanane, upepo upite kati. Safu ya mwisho juu magome yatazame mbinguni. Funika kwa bati juu PEKE YAKE, pembeni acha wazi.

Nassor: Turubai je? Lipo la nailoni.

Ami Khamis: Ukilizungushia lote umezipika kwa mvuke wake. Juu tu.

Mwanaisha: Bibi anauliza zitakuwa tayari kabla ya masika?

Ami Khamis: Matawi membamba yanaweza, maana kaskazi bado lipo na jua ni kali. Mapande ya shina hapana. Hayo yangoje masika yapite, kipupwe kiyapepee, tuyatazame vuli. Mti mgumu mara nyingi unataka miezi sita mpaka mwaka, na hewa ya Pemba ina unyevu.

Nassor: Nitajuaje kama zimekauka?

Shangazi Asha: Gonga mbili. Kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inajibu kwa uvivu. Na ncha zinapasuka mistari.

Rukia: Njia ya uhakika zaidi: chagua vipande vitatu vya katikati ya uchaga, vitie alama, uvipime kila wiki kwa mizani ya samaki ya Saidi. Uzito ukiacha kushuka, basi. Walio na kipimo cha unyevu wanataka chini ya 20 kwa 100. Pasua kipande kwanza upime ndani, nje kunadanganya.

Saidi: Mizani yangu sasa ya kuni??

Rukia: Hukwenda kuvua?

Mwanaisha: Jamani Bibi anataka kujua yeye apikie nini kwa sasa. Hataki gesi, anasema mchuzi wa gesi hauna harufu.

Shangazi Asha: Avitumie vifuu vya nazi, vina moto mkali. Mapongoo na makarara ya mnazi ya kuwashia. Makumbi asitie mengi, yana moshi. Na ule mvinje tuliokata msimu uliopita upo bado?

Nassor: Upo, nyuma ya choo. Ila mapande makubwa hayapasuki, shoka linarudi.

Ami Khamis: Ndio mvinje huo. Ungepasuliwa mbichi. Katakata vifupi kwa msumeno uvitie hivyo hivyo. Kwangu mimi hakuna kuni inayoushinda, hata haujakauka sawasawa unawaka.

Nassor: Basi Jumamosi. Nani anakuja? Msumeno wa mashine nimeahidiwa na jirani, mafuta juu yetu.

Saidi: Mimi nipo, na mizani naleta.

Mwanaisha: Bibi anasema mti usiishe wote. Pale chini ya shina mkate kipande kizuri, anataka kibao cha mbuzi kipya cha kukunia nazi. Hiki cha sasa kimelegea.