Mbio za dakika 90 Spa: nianze na tangi lililojaa au nusu?

Kona_Tisa

Wakuu, salaam. Ninajiandaa kwa mbio za simuleta (mbio za magari za kuigiza kwenye kompyuta) za dakika 90 katika uwanja wa Spa-Francorchamps, Ubelgiji, kwa gari la daraja la GT3, yaani gari la kifahari la barabarani lililogeuzwa kuwa la mbio, ambalo tangi lake linabeba lita 120. Katika mazoezi gari limekuwa likila wastani wa lita 3.6 kwa mzunguko, na muda wangu wa kawaida ni dakika 2 na sekunde 20. Nikigawanya sekunde 5,400 kwa 140 ninapata mizunguko 38.57, yaani 39, kwa kuwa mzunguko ulioanza sharti umalizwe; mafuta yanayohitajika basi ni lita 140.4, na kuingia piti (kituo cha kujaza mafuta na kubadilisha matairi kando ya uwanja) mara moja hakuepukiki. Naomba msaada katika mambo mawili. Je, nianze na tangi lililojaa na kuongeza kidogo baadaye, au nianze na lita 70 ili gari liwe jepesi, kisha nijaze nyingine kama hizo katikati ya mbio? Na akiba ya kunikinga nisiishiwe njiani iwe kiasi gani?

Saa_na_Lita

Kabla ya kufika kwenye tangi, mkuu, hesabu yako ya mizunguko imeacha mambo mawili nje. Muda unaopotea piti hauna budi kutolewa kwenye zile sekunde 5,400. Ikiwa kuingia, kusimama na kutoka kunakugharimu sekunde 60, bado mzunguko wa 39 upo. Lakini ikiwa kunagharimu sekunde 85, mgawanyo unashuka hadi 37.96 na unahitaji mafuta ya mizunguko 38 tu.

La pili ni kwamba saa ikiisha, anayeamua mbio zimalizike lini ni kiongozi. Tuseme yeye anazunguka kwa sekunde 138, wewe kwa sababu ya msongamano unazunguka kwa 142, na kila mmoja amepoteza sekunde 60 piti. Kiongozi atamaliza mzunguko wake wa 39 kwenye sekunde ya 5,442, wakati wewe unakaribia kumaliza wa 38. Ukikata mstari, bendera ya mwisho itakuwa inakupungia, na mzunguko wa 39 hutaukimbia kabisa. Kwa hiyo fuatilia muda wa kiongozi kama unavyofuatilia wako.

Mzee_wa_Breki

Nijibu swali la tangi, kwa sababu wengi hulijibu kwa hisia. Mafuta unayoanza nayo hayakugharimu hata sekunde moja ya kusimama, ilhali kila lita unayoongeza piti inapita kwenye bomba huku wenzako wakikimbia. Kinachobaki ni kulinganisha gharama hiyo na gharama ya uzito. Lita moja ya petroli ina takriban kilo 0.75.

Ili kujua uzito unakuumiza kiasi gani, kimbia mizunguko michache ukiwa na lita 20, kisha mingine ukiwa na lita 110, katika hali ileile ya hewa na matairi mapya kila mara, halafu gawanya tofauti ya muda kwa 90. Kwa mfano tu, tuchukue kwamba umepata sekunde 0.01 kwa kila lita kwa kila mzunguko, na kwamba pampu inatoa lita 2.5 kwa sekunde. Ukianza na lita 120 na kuingia baada ya mzunguko wa 33, utakuwa umebeba wastani wa lita 60 hivi kwa sehemu kubwa ya mbio. Ukianza na 70 na kuingia baada ya wa 19, wastani ni lita 36 mwanzo hadi mwisho. Wepesi huo, ukijumlishwa kwa mbio nzima, unakupa karibu sekunde 7. Lakini utalazimika kuongeza lita 50 zaidi piti, nazo ni sekunde 20. Tangi lililojaa linashinda, tena kwa mbali.

Jibu linageuka pale tu ambapo utabadilisha matairi, na kanuni za mbio zako zinaruhusu kazi hizo mbili zifanyike kwa pamoja. Hapo lita zinazoingia wakati fundi bado anafunga matairi ni za bure. Kanuni hutofautiana sana kati ya shindano na shindano, kwa hiyo zisome kwanza.

Kuhusu akiba, mzunguko mmoja kamili unatosha. Ni sekunde moja na nusu ya pampu, na sioni sababu ya kuzibania.

Gia_ya_Sita

Nyongeza fupi. Ukijikuta umepungukiwa, okoa mafuta mwishoni mwa sehemu zilizonyooka, hasa kabla ya kona za Les Combes na kabla ya kona za Bus Stop: achia mafuta mapema kidogo, gari liserereke, kisha shika breki. Katika mita hizo za mwisho injini inapambana na upepo na muda unaopata ni mdogo sana. Ukitoka 3.6 hadi 3.5 kwa mzunguko, katika mizunguko 39 umeokoa lita 3.9, yaani mzunguko mzima. Kumfuata mtu kwa karibu kwenye kivuli chake cha upepo nako kunapunguza ulaji.

Kona_Tisa

Nimewaelewa, na ninashukuru. Gari la usalama, lile linaloongoza magari yote polepole baada ya ajali, likitoka je?

Mzee_wa_Breki

Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kujaza tangi. Lita 120 zinakufikisha mzunguko wa 33, na kuanzia mwisho wa wa 6 tangi moja linatosha kumalizia, kwa hiyo unaweza kuingia wakati wowote katikati ya hapo, gari la usalama likitoka na piti ikiwa wazi. Aliyeanza na lita 70 analazimika kuingia ifikapo wa 19, litoke lisitoke. Nyuma ya gari hilo ulaji hushuka na mizunguko ya mbio hupungua, hivyo rudia hesabu kabla ya kuingia: chukua wastani wa mbio zenyewe badala ya ule wa mazoezi, zidisha kwa mizunguko iliyobaki, toa kilichomo tangini, ongeza mzunguko wa akiba, na uzime ujazaji wa kiotomatiki ili programu isikujazie zaidi ya ulichopanga.