Mrejesho: Safari yetu ya besiboli, Milwaukee hadi St. Louis

Wakuu, niliwahi kuuliza kama watu wanne tunaweza kuona mechi tatu za besiboli kwa gari moja ndani ya siku nne. Mlinishauri tuanzie Milwaukee, tushuke Chicago, tumalizie St. Louis, yote miji ya Marekani. Tumerudi salama, asanteni sana.

Milwaukee mvua ilinyesha tangu asubuhi, lakini uwanja wa kule una paa linalofungwa, mechi ikachezwa kama kawaida. Kutoka hapo Chicago ni kilomita 150 hivi tu. Gari tuliliacha mbali, tukapanda treni ya Red Line hadi kituo cha Addison. Aliyetuambia hivyo Mungu ambariki, maana maegesho karibu na Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Chicago, ni shida kweli. Uwanja ule ni wa mwaka 1914! Ukuta wa nyuma umefunikwa na majani ya mmea unaotambaa, na namba za ubao mkubwa wa matokeo bado zinabadilishwa kwa mkono. Katikati ya awamu ya 7 (mechi huwa na awamu 9) uwanja mzima ulisimama kuimba, ndiyo desturi ya besiboli. Mwenzetu mmoja alitokwa machozi.

St. Louis ni mbali, karibu saa tano za barabara, na jua lilikuwa kali. Mkienda, nunueni viti vya kivulini. Mwakani tunataka Kansas City.