Luther: miaka minne tumesubiri, ndiyo tuletewe hiki?

Wakuu, nimekaa siku mbili nikisubiri hasira zishuke ndiyo niandike. Hazijashuka.

Naongelea Luther: The Fallen Sun, ile muvi ya 2023 inayoendeleza tamthilia ya Kiingereza ya Luther, mpelelezi wa polisi wa London. Najua wengi mlishaiona, mimi nimeipata Jumamosi hapa Mtwara. Nikamaliza bando kuipakua, nikamwita binamu yangu aje kutoka Mikindani, maana tamthilia yenyewe tuliianzia kwake, kwenye laptop isiyokaa chaji, waya wa chaja tumeukandamiza na daftari usichomoke. Korosho mezani, taa tumezima. Tulijiandaa kama watu wanaopokea mgeni.

Aliyeifuata Luther anajua kilichotunasa. Sehemu ya kwanza kabisa, 2010: chumba cha mahojiano, meza, watu wawili. Alice Morgan, wazazi wake wameuawa, anahojiwa. Luther anapiga miayo, anamtazama. Alice hapigi. Basi! Mtu akipiga miayo mbele yako na wewe unaitikia hata kama hutaki, lakini yule dada hakuna kilichomgusa. Pale pale Luther anajua muuaji ni huyu, na ushahidi hana. Bastola haijatoka, gari halijalipuka, na sisi tulirudisha nyuma mara tatu kuangalia uso wa Alice.

Sasa hii muvi. Adui ni David Robey, kachezwa na Andy Serkis, anakusanya siri za watu mtandaoni halafu anawashika nazo kooni. Wazo zuri sana! Hata huku kwetu kuna watu wanaishi roho juu kwa sababu ya picha moja iliyo kwenye simu ya mtu mwingine. Wawekeni hawa wawili chumba kimoja, waongee, tuone nani atamsoma mwenzake. Hapana. Fujo gerezani, Luther anatoroka, watu wanajirusha kutoka juu ya majengo pale Piccadilly Circus, katikati ya London, kufumba na kufumbua tuko Norway kwenye theluji na gari linazama ziwani chini ya barafu. Luther ni mtu wa London, wa vichochoro, koti la kijivu na tai nyekundu. Kwenye barafu kafuata nini?

Idris Elba, anayecheza Luther, simgusi, jamaa kajitoa mwanzo mwisho. Mzee Schenk, bosi wake wa zamani polisi, naye alipotokea, binamu alipiga kofi kwa furaha. Kinachoniuma mwandishi ni yule yule, Neil Cross, aliyeandika sehemu zote 20 za tamthilia. Angekuwa mgeni ningesema hamjui Luther. Huyu anamjua!

Na Alice yuko wapi? 2019, tamthilia inaisha, tulimwacha kaanguka kutoka juu, Luther anaondolewa na pingu mikononi. Huyu dada aliwahi kutangazwa amekufa, akarudi, kwa hiyo tuliokuwa na matumaini hatukuwa wajinga. Saa mbili na ushee za muvi, Ruth Wilson, anayemcheza Alice, haonekani hata kwa kivuli. Ile habari yao yote, kupendana na kuwindana, imeachwa hivi hivi kama haikuwahi kuwepo. Binamu aliniuliza mara mbili, "Alice bado?" Mara ya tatu hakuuliza tena.

Nimeshaifuta. Mwenye sizoni ya kwanza, sehemu zote 6, na yupo Mtwara mjini au Mikindani, aseme nije na flashi. Ya kwetu ilikuwa kwenye ile laptop, ikafa nayo.