Bosi kaniuliza "jina lako nani vile" mbele ya kikao kizima!!

Wakuu salaam, natype huku mikono inatetemeka. Yule mzee wa magodauni mnamjua, nani Tanga hii hamjui, akikohoa Ngamiani wanaitikia Raskazone. Leo asubuhi kikaoni kaniuliza JINA LAKO NANI VILE? Mimi! Ninayefungua geti hata muadhini hajaamka, niliyekesha juzi na ile mvua iliyotaka kuisomba Tanga nzima baharini, navuta turubai juu ya magunia ya mchele, lile turubai lenye tobo katikati, nakinga ndoo namwaga nakinga namwaga mpaka alfajiri, halikulowa hata gunia moja. Leo kasimama anasema kuna kijana kaokoa mali, nikaweka shati vizuri, mara bahasha anampa mpwa wake! Aliyelala kwenye kabini ya Fuso anakoroma! Halafu ananigeukia, "na wewe, jina lako nani vile, hebu lete chai."

Nani vile! Na karatasi ya mishahara anasaini mwenyewe kila mwezi, jina langu liko pale. Wanasema vijana hatuna moyo wa kazi, moyo tunakuja nao kila asubuhi, wao ndio wanautoa. Bahasha sikuitaka mie, angesema tu fulani ahsante ningelala na lile turubai mwezi mzima. Jina lako nani vile, wallahi!!

Kitoweo cha Papa: Pole mkuu. Chai ulileta?

Mwana Pongwe: Uzi wote huu kisa jina? Wangu jina langu analijua sana, analitaja kila akitaka kunikata mshahara.

Bi Chumbageni: Msimcheke jamani. Chuoni tulifundishwa, wataalamu wa saikolojia ya kazi Meyer na Allen mwaka 1991 waliwagawa wafanyakazi mafungu matatu: kuna anayebaki kazini kwa kuipenda, anayebaki kwa kuogopa hasara ya kuondoka, na anayeona ni wajibu wake. Huyo mzee kamtoa mwenzetu fungu la kwanza kamtupa la pili.

Kitoweo cha Papa: Mie fungu la nne dada, nipo kwa ajili ya marejesho ya kikoba.

Bi Chumbageni: Ndio hilohilo la pili.

Dereva wa Usiku: Mnalilia jina, kukesha kalipwa? Sheria ya Ajira ya 2004 ovataimu ni mara moja na nusu, na saa za usiku nyongeza asilimia 5. Sisi wa malori tunapewa soda.

Mwenye uzi: Hela sijaongelea, naongelea JINA!

Dereva wa Usiku: Na soda yenyewe ya moto.

Mwana Pongwe: Afadhali soda. Wangu anakata asilimia 10 ya NSSF kila mwezi, kuangalia kwenye simu salio halijasogea tangu mwaka juzi.

Dereva wa Usiku: Eeh hata wewe?! Kumbe tupo wengi. Wa NSSF mpo wangapi humu, jitajeni.