Mchango wa ukuta wa baharini, Mbezi Beach mpaka Kunduchi: tujenge au tusijenge?

Majirani, salaam. Wenyeji mnalijua suala hili, ila kwa wasiolijua nilieleze kwa kifupi. Bahari inakula viwanja vya mstari wa mbele huku kwetu pwani ya Dar es Salaam, kati ya Mbezi Beach na Kunduchi. Baadhi ya wenye nyumba wamekaa na kupendekeza kila kaya ya mstari wa kwanza na wa pili ichange, tujenge ukuta mmoja mrefu wa mawe na zege utakaounganisha vipande ambavyo watu wameshajijengea kila mtu na lake. Wengi wamelipokea vizuri. Mimi napinga. Nitatoa sababu, nanyi mje na zenu.

Kwamba hali ni mbaya, hilo sibishani na mtu. Pita ufukweni maji yakipwa uone mivinje. Iliyobaki imesimama imeachwa mizizi nje, mingine imeshalala kifudifudi juu ya mchanga. Kuna ngazi moja ya zege ya kushukia baharini ambayo daraja lake la mwisho sasa linaning'inia, kimo cha kiuno cha mtu mzima kutoka chini, na nondo zimeanza kuchungulia. Fundi aliyeijenga hakuiacha hewani, aliishusha mpaka kwenye mchanga. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita 3, na yakijaa huku kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma, wimbi linagonga msingi wa nyumba moja kwa moja.

Wala si jambo la jana. Vijana wanaoshuka kituo cha Afrikana kila siku, wengi hawajui kwamba Africana ilikuwa hoteli ya kitalii ufukweni. Bahari ikaimaliza. Leo limebaki jina, na konda analiita bila kufikiria.

"Sasa si ndiyo sababu ya kujenga ukuta?" Ngojeni kwanza. Kabla ya ukuta tujiulize mchanga umekwenda wapi, maana ufukwe ndio uliokuwa ukuta wetu.

Mchanga wa pwani haukai mahali pamoja. Kusi likivuma, mawimbi yanakuja mshazari na kuusukuma kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hurudisha kiasi, lakini kusi ndilo lenye nguvu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya mwaka mchanga unahama kwenda Kunduchi. Ndio uliotengeneza ule ulimi wa mchanga pale, na nyuma yake mikoko ikapata utulivu wa kuota. Unaohama unatakiwa kujazwa na mwingine, na mwingine huo unaletwa na mito: Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta. Masika yanaporomosha mchanga kutoka vilimani, mto unauleta baharini, bahari inaugawa. Ongeza na matumbawe ya huku mbele, upande wa visiwa vya Mbudya na Pangavini, ambayo kazi yake ilikuwa kulivunja wimbi kabla halijatufikia. Matumbawe hayo yalipigwa baruti miaka mingi na wavuvi wa mabomu.

Turudi mitoni, maana hapo ndipo penye kidonda. Nenda kwenye daraja la mto wowote kati ya hiyo baada ya mvua kubwa. Utakuta tipa limerudishwa kinyumenyume mpaka kwenye maji, vijana wanne au watano wamevua mashati, machepe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja, mmoja yuko juu anasawazisha. Likijaa linaondoka, la pili linasogea. Kingo zimeliwa mpaka nyumba za juu ya mto nazo zimeanza kuning'inia. Mchanga ule haufiki baharini tena. Unakwenda kwenye matofali ya Goba, Salasala na Madale, na tuwe wakweli, umo pia kwenye nyumba zetu sisi tunaolia. Mchanga wa mto hauna chumvi, ndiyo maana fundi aliutaka, na sisi tukaulipia bila kuuliza ulikotoka.

Sasa ukuta. Wimbi likigonga mchanga ulioinama, linapanda, linachoka, linashuka polepole. Likigonga ukuta uliosimama wima linarudi na nguvu zake zote na kuchota mchanga ulio miguuni mwa ukuta. Mwaka hadi mwaka ufukwe unashuka, msingi unabaki mtupu, ukuta unapasuka au unalala. Vipande vilivyolala mmeviona, sihitaji kutaja kiwanja cha nani. Na pale ukuta unapoishia, jirani asiye na ukuta anapata kipigo mara mbili: chake na kile ulichokikwepa wewe. Matuta ya mawe ambayo baadhi ya hoteli ziliyaingiza baharini yanafanya kitu kile kile kwa namna nyingine. Upande wa kusini wa tuta mchanga unajaa vizuri, wageni wanaota jua. Upande wa kaskazini pamechimbika.

Sasa nani yuko kaskazini yetu? Diko la Kunduchi. Ngalawa zinavutwa pale, samaki wanapigwa mnada pale, mama lishe na wakaanga samaki riziki yao iko pale. Wale hawakuhudhuria kikao cha ukuta kwa sababu hawakuitwa. Tukijenga, tutakuwa tumechanga fedha nzuri kabisa ili kuihamishia shida yetu kwa watu wasio na uwezo wa kuchanga. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Nyingine zote ziko chini ya hiyo.

Hata kisheria sijui tunajiaminia nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Wapo wenye hati za kabla ya hapo na wana hoja zao, sawa. Lakini hati ya kiwanja si kibali cha kujenga ndani ya maji. Kazi kama hii inataka tathmini ya athari kwa mazingira na idhini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, si mchoro wa fundi uliopigwa picha ukarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Halafu kuna vile vinjia viwili vitatu vya kushukia ufukweni vilivyobaki. Kwenye mchoro niliouona, ukuta unapita moja kwa moja na njia haimo. Labda walisahau.

Hoja za upande wa pili nimezisikia, na zipo zenye uzito. Kuna anayesema: "Mbona kule mjini, barabara ya Barack Obama Drive, walijenga ukuta?" Walijenga, kwa fedha za mradi wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, wahandisi wakasanifu, na unalinda barabara ya umma. Mtu akituletea usanifu wa aina hiyo, unaotazama pwani nzima tangu mdomo wa mto Mbezi mpaka diko, nitakaa kitako nimsikilize.

Wengine wanasema kuwafukuza wachimba mchanga ni kuwanyima vijana mkate. Kijana mwenye chepe analipwa ujira wa siku. Faida iko kwa mwenye tipa na kwa anayefumba macho. Watu wa mabondeni nao wanaogopa kwamba mchanga ukiachwa mto utajaa na maji yatawaingilia ndani, na wana haki ya kuogopa, wameshafurikwa. Lakini vibali vya kusafisha mito vimegeuka mlango wa nyuma. Kusafisha mto ni kutoa taka na kufungua pale palipoziba. Kuchimba kitanda cha mto mpaka udongo mwekundu uonekane ni biashara.

Iko hoja moja ambayo sina jibu lake zuri, na sitaki kuizunguka. Ni ya jirani ambaye maji yako hatua chache kutoka chumbani kwake. Ananiambia: "Wewe uko mstari wa pili, una muda wa kusubiri mto ulete mchanga. Mimi kusi lijalo sina nyumba." Ni kweli. Hata tukifunga uchimbaji kesho asubuhi, mchanga hautarudi kwa msimu mmoja. Kwake yeye sipingi kinga ya muda, viroba vikubwa vya mchanga vilivyolazwa kwa mteremko badala ya ukuta wima, na kwa ruhusa ya wahusika. Ninachopinga ni kuugeuza msiba wa nyumba tatu au nne kuwa ukuta wa mtaa mzima. Na mchanga wa hivyo viroba tukubaliane utoke wapi, maana nimeshaona mtu anajaza viroba kwa mchanga wa ufukwe huo huo.

Kama ni kuchanga, nitachangia mambo mawili. La kwanza, mtaalamu wa pwani atupimie na kutushauri, chuo kikuu kipo hapa hapa mjini na kina watu wa sayansi ya bahari. La pili, tuungane na serikali za mitaa za huko juu mitoni na watu wa diko, twende manispaa pamoja tukadai vibali vya kuchimba viwekwe wazi: nani kapewa, mto gani, mpaka lini. Sisi peke yetu tunaonekana matajiri wa ufukweni wanaolilia bustani zao. Tukienda na wavuvi na watu wa mabondeni, itabidi tusikilizwe.

Uwanja wenu. Ila anayekuja kutetea ukuta naomba aanze na swali hili: utaishia kwenye kiwanja cha nani upande wa kaskazini, na huyo mtu ameshaambiwa?