Mjadala: Watoto wa shule ya msingi watulizwe akili kwanza kabla ya kuandika hadithi?

Chaki Nyeupe: Naona ni lazima, hasa kwa wa miaka 7 hadi 10. Dakika 3 zinatosha: mtoto anakaa, nyayo sakafuni, anafumba macho, anahesabu pumzi 10, kisha anasikiliza sauti 3 za karibu. Akifumbua anaziorodhesha, anachagua moja, hadithi inaanzia hapo. Dakika 12 za kuandika, 10 za kusomeana wawili wawili. Na kalamu nyekundu isionekane kabisa chumbani.

Daftari: Kalamu nyekundu imekosa nini? Mtoto anajaza ukurasa mzima bila nukta hata moja, kesho yake mwenyewe hawezi kuusoma. Huko ni kumlea au kumtelekeza?

Chaki Nyeupe: Soma vizuri ndugu, sijasema asisahihishwe. Ukisahihisha tahajia kwenye rasimu ya kwanza, ataandika maneno anayoyamudu tu. Alitaka "kinyonga", ataweka "mnyama". Ngoja kipindi cha pili, shika kosa la aina moja, tuseme nukta, uweke alama pambizoni kwa penseli.

Daftari: Penseli au wino, kosa ni kosa. Mnawadekeza.

Mlezi Makini: Mnagombania wino na hilo la kufumba macho mmelipita! Mtoto aliyepitia kiwewe akifumba macho anaweza kurudiwa na yaliyompata. Atazame chini, yatosha. Hata pumzi si za kila mtu: wengine wakiambiwa wazifuatilie huanza kuvuta hewa kwa nguvu mpaka kizunguzungu. Mpe kokoto kiganjani, ataje uzito, ubaridi, mikwaruzo. Hapo ameshapata sentensi 3 za kuanzia.

Daftari: Na ule utafiti wa Uingereza, 2022 kama sikosei, shule 80 na kitu, wanafunzi zaidi ya 8,000? Waliofundishwa kutuliza akili hawakuwapita wenzao waliosoma vipindi vya kawaida vya hisia na mahusiano.

Mlezi Makini: Hao walikuwa wa sekondari, miaka 11 na kuendelea. Usiwatwike wa miaka 7 matokeo yasiyo yao.

Kiti cha Nyuma: Penye hatari ni kwenye kusomeana. Mtoto akishatulia huandika ya moyoni, halafu mnampa jirani yake asome! Kabla hawajashika penseli watangazieni: ukurasa uliokunjwa, wenzako hawausomi.

Chaki Nyeupe: Sawa. Na mimi sitausoma.

Kiti cha Nyuma: Hapana mwalimu! Usiahidi hilo kamwe. Akiandika kwamba anapigwa nyumbani, nani atajua? Mwambie wazi kwamba utausoma, na ukiona yuko hatarini utamwambia mtu wa kumsaidia.

Daftari: Akijua unausoma ataandika ya kukupendeza.

Kiti cha Nyuma: Wapo watakaofanya hivyo, nakubali. Lakini ukiahidi siri kisha ukalazimika kuivunja, hatakuandikia tena.

Daftari: Na nukta zake nani atazifundisha?